Majumba Marefu Aliyoyaosha Ireri

Sikuondoka nyumbani kwa kupenda kutembea. Niliondoka kwa sababu binti yangu Wawira alitaka kazi aliyokuwa akiifanya marehemu kaka yake, mama yake akakataa, na mimi nikatumwa nikaone.

Kazi yenyewe ni kuosha vioo vya majumba marefu kwa upande wa nje, mtu akining'inia kwa kamba. Ireri, mwanangu wa kwanza, aliifanya Nairobi kwa miaka kadhaa. Siku ya mazishi yake watu wengi walikuja wakiamini kwamba ameanguka kutoka ghorofani, na wengine walilitaja hata jengo. Haikuwa hivyo. Alianguka hapa hapa Kiambere akiwa likizoni, kutoka kwenye mgunga ulio nyuma ya zizi letu la mbuzi, akirina asali. Mgunga wenyewe si mrefu. Mtu akisimama juu ya paa la jiko letu anayafikia matawi yake ya chini.

Miezi ikapita. Kampuni iliyokuwa imemwajiri ikapata kazi ya vioo vya jengo jipya mjini Meru. Wawira alikuwa Meru tayari, akisafisha sakafu na ngazi ndani ya jengo hilo, akikaa kwa dada yangu mtaa wa Kinoru. Walipojua ni dada ya nani, wakamuuliza kama angependa kufundishwa kazi ya kamba. Akakubali kabla hawajamaliza kuuliza, kisha akatupigia simu.

"Urefu umekula mtoto mmoja," mama yake akamwambia. "Wa pili siupi."

Wawira ni mtu mzima. Angeweza kwenda bila kutuuliza. Lakini alisema hatapanda bila neno letu, na kampuni ilitaka jibu kabla ya mwezi kwisha. Usiku huo Mama Ireri akaniambia, "Wewe ndiye uliyezoea kupanda miti. Nenda uyaone hayo majumba kwa macho yako. Neno utakalorudi nalo ndilo nitakalolishika."

Nilikubali, lakini nasema ukweli: niliondoka nikiwa na jibu tayari, na jibu lilikuwa hapana. Safari niliifanya ili Wawira asije akasema nilimkatalia kitu nisichokijua.

Kabla ya kueleza miji, nieleze macho yangu yamezoea nini. Hapa Kiambere hakuna ghorofa. Vitu virefu tulivyo navyo ni vilima, tuta la bwawa lililozuia mto Tana, na zile nguzo za chuma zinazobeba umeme kutoka bwawani. Nguzo hizo zinapita juu ya mashamba yetu ya ndengu na mtama, zimeshikana nyaya kama watu walioshikana mikono, zinaelekea Nairobi. Utotoni mwake Ireri aliniuliza huo umeme unakwenda kufanya nini huko. Nilimwambia unakwenda kuwasha taa za watu. Wakati huo sisi tulikuwa tukitumia koroboi.

Nilifika Embu mchana. Nilikuwa nimepita mji huo mara nyingi, lakini nikitazama mizigo yangu na bei za vitu. Siku hiyo ndiyo mara ya kwanza kuinua kichwa. Nilijitengenezea kipimo changu: nasimama ng'ambo ya barabara, natazama kileleni mwa jengo, naona kama kofia yangu itaanguka. Embu kofia haikuanguka hata mara moja. Majengo yake marefu yanakwenda sawa na miti mikubwa, na kuna mahali mijakaranda na mikaratusi inayashinda kabisa. Mji uko kwenye mteremko wa mlima, kwa hiyo ukiwa chini upande wa Mbeere unauona mzima: kijani kwanza, halafu mabati, halafu ghorofa chache zimechomoza katikati kama vichuguu katika malisho. Nyuma yake mlima, siku zile usipofunikwa na mawingu.

Jambo nililoliona Embu ni kwamba karibu kila ghorofa ina nondo zilizochomoza juu ya paa, na kati ya nondo kuna matangi meusi ya maji na nguo zimeanikwa. Bawabu mmoja aliniona nimesimama muda mrefu.

"Mzee, umepoteza mtu?"

"Hapana. Natazama jengo."

"Jengo la watu hutazamwa bure? Wataniuliza."

Nikamwuliza kwa nini nondo ziliachwa hivyo, kama mafundi walikimbia.

"Hizo ni maombi ya mwenye nyumba," akasema. "Akijibiwa, anaongeza orofa. Asipojibiwa, tunaanika nguo."

Nikamwuliza tena nani anaosha vioo vya juu. Akanyoosha kidole kwenye dirisha la orofa ya nne, lililokuwa na vumbi jekundu la barabara. "Mvua," akasema.

Kutoka Embu kwenda Meru barabara inapanda na kushuka katika mabonde ya mito mingi inayotoka mlimani. Unapita Chuka, unashuka mpaka darajani, unapanda tena, na kila kilima kina majani chai na migomba. Nilifika Kinoru jioni. Dada yangu Marigu aliolewa huko siku nyingi na Kimeru chake sasa ni kizuri kuliko Kimbeere. Alinipikia ndizi za kupondwa na maharagwe, akaketi mbele yangu akanitazama nikila.

"Umekonda, Baba Ireri."

Watu bado wananiita hivyo. Sijamwambia mtu aache.

Wawira aliingia kutoka kazini akiwa bado na aproni. Alinisalimia, akachukua sahani yake, akakaa karibu nami. Shangazi yake hakungoja.

"Tangu lini mwanamke wa kwetu akapanda? Hata mzinga haugusi. Wewe utaning'inia kwenye ukuta watu wote wa Meru wakikutazama kutoka chini?"

"Nitavaa suruali, tata," Wawira akamjibu shangazi yake.

"Nani amezungumza habari ya suruali?"

"Wewe umesema kutoka chini."

Marigu alicheka bila kutaka, akajifuta macho kwa leso. Kisha akanigeukia mimi kana kwamba kicheko hicho kilikuwa kosa langu. "Mwambie huyu mtoto."

Nikasema nitamwambia nikimaliza kuona.

Asubuhi Wawira alinipeleka mjini. Meru si kama Embu. Mji umejengwa juu ya mikunjo ya vilima, na hakuna mahali pa kusimama ukauona wote. Ukitazama huku unaona paa, ukigeuka huku unaona orofa ya sita ikiwa sawa na miguu yako. Kuna jengo moja tuliloingia kutoka barabara ya juu, nikadhani tuko chini kabisa. Wawira akaniambia tuko orofa ya tatu. Tuliposhuka ngazi na kutokea barabara ya nyuma, nikageuka kulitazama, kofia ikaanguka. Kwa hiyo kama mtu akikuuliza majengo ya Meru yana urefu gani, mwulize kwanza amesimama upande gani.

Vioo pia ni vingi kuliko Embu. Kuna benki, kuna hoteli, kuna majengo ya wafanyabiashara, na mengi yamevikwa vioo vya rangi ya buluu upande wa barabarani, huku upande wa nyuma yakiwa mawe matupu yasiyopakwa rangi. Niliona hilo kwa sababu ya kazi iliyonipeleka. Upande wa vioo ndio wenye kazi ya Wawira. Lakini hata hapo, ukienda juu Kinoru karibu na uwanja wa michezo ukageuka, msitu na vilima vinayameza majengo yote. Nairobi majengo ndiyo yanayoficha vilima. Meru vilima ndivyo vinavyoficha majengo.

Jengo jipya lilikuwa refu kuliko jirani zake wote. Tulisimama mbele yake. Wawira alinionyesha madirisha ya orofa anazosafisha.

"Kioo kina pande mbili," akasema. "Mimi naosha upande mmoja. Nikimaliza bado kinaonekana kichafu, na mkubwa ananiuliza nimefanya nini tangu asubuhi."

"Ndiyo sababu unataka kutoka nje?"

"Ni moja."

"Nyingine ni Ireri?"

Alifikiri kwanza. Hiyo ndiyo tabia yake, hakujibu ili kunifurahisha. "Hapana, Baba. Ireri namlilia nikiwa peke yangu. Hii naitaka mimi. Tangu nikiwa mdogo nilitaka kupanda, mkaniambia nikusanye kuni za kufukizia nyuki."

Ndivyo tulivyomwambia.

Tuliondoka Meru pamoja siku iliyofuata. Wawira alikuwa ameitwa Nairobi ajaribiwe, na nilitaka niwepo. Tulipita njia ya Timau. Nimeishi katika joto maisha yangu yote. Hapo Timau nilivaa koti juu ya koti na bado meno yaligongana. Ni nchi ya mashamba makubwa ya ngano, wazi mpaka macho yanachoka, na nyumba za plastiki za kukuzia maua na mboga ambazo kwa mbali zilionekana kama maji yaliyotuama. Hakuna ghorofa. Mlima uko karibu sana upande wa kushoto. Nilitambua kwamba nilikuwa nikiuona kwa nyuma, ule ule tunaouona sisi kwa mbele, na haukufanana. Wawira alilala njia nzima akiwa ameegemea bega langu. Sikuvua koti la juu ingawa tulipofika Karatina joto lilikuwa limerudi, kwa sababu ningemwamsha.

Nairobi tulifika alasiri. Unaanza kuuona mji kabla hujaufikia. Barabara inageuka, na mbele yako majumba yamesimama mbali, kijivu, bila madirisha, kama meno ya chini ya mtu mzee: hapa marefu mawili, hapa pengo, hapa fupi, halafu mengi yamesongamana. Unavyokaribia ndivyo madirisha yanavyotokea. Nilijaribu kipimo changu cha kofia katikati ya mji, nikaona ni upuuzi, nikaibeba mkononi.

Nieleze Nairobi ili mtu ambaye hajafika aelewe. Majumba marefu hayako mahali pamoja. Kuna yale ya zamani ya katikati ya mji, ya saruji, na katikati yao lile la mviringo lenye kofia pana ambalo kila mtu amewahi kuliona kwenye picha. Hayo yana heshima ya wazee. Kuna mapya ya Upper Hill, mlima mdogo upande wa pili wa reli, na hayo ni vioo kutoka chini mpaka juu. Kuna mengine Westlands, yamejitenga kama watu waliogombana na ndugu zao. Ukiwa Upper Hill unaweza kuyatazama makundi yote matatu. Niliona pia winchi za ujenzi ndefu zikiwa zimesimama juu ya mengine, na hapo nikamkumbuka yule bawabu wa Embu. Hata Nairobi bado wanaomba.

Asubuhi tulikwenda Upper Hill kumwona Wafula. Huyu ndiye aliyemfundisha Ireri na kumsimamia, mtu mfupi mwenye mabega mapana, wa kutoka Bungoma. Alikuja Kiambere siku ya mazishi na alikuwa kati ya wale waliobeba jeneza. Alinishika mkono kwa muda mrefu kabla ya kusema.

"Mzee, karibu. Huyu ndiye Wawira? Amechukua pua ya Ireri yote, hakumwachia hata kidogo."

Alitupandisha kwa lifti mpaka orofa ya mwisho, kisha kwa ngazi mpaka kwenye paa. Aliniambia nisikaribie ukingo, na sikuukaribia. Kutoka pale alinionyesha majumba ambayo Ireri aliyaosha. Alikuwa akionyesha kwa mkono: lile lenye ncha, lile la kijani kibichi, lile linaloinama kidogo, hili tulilosimama juu yake. Yalikuwa mengi. Sikujua kwamba ni mengi hivyo. Ireri alipokuwa akija nyumbani alikuwa akisema tu, "Kazi iko, Baba." Nikamwuliza Wafula lipi lilikuwa gumu. Akasema si lile refu zaidi. Gumu ni lile linaloinama, kwa sababu ukishuka kioo kinakukimbia.

"Na urefu?" nikamwuliza. "Mtu akianguka kutoka hapa na kutoka orofa ya tano, kuna tofauti?"

"Hakuna. Ndiyo maana sisi hatuhesabu orofa. Njoo nikuonyeshe tunachohesabu."

Alinipeleka mahali ambapo pete nene za chuma zimezamishwa katika saruji ya paa. Wanaume wawili walikuwa wakijitayarisha kushuka. Kila mmoja alikuwa na mikanda kifuani, kiunoni na mapajani, na kamba mbili. Kila kamba ilifungwa kwenye pete yake. Wafula akanieleza: moja ni ya kazi, hiyo ndiyo inayokubeba. Ya pili haikubebi. Inakufuata tu, imelegea, kutoka juu mpaka chini, haina kazi siku nzima, wiki nzima, mwaka mzima. Ya kwanza ikikatika, ndipo inaanza kazi. Na hakuna mtu anayejikagua mwenyewe. Mwenzako anakushika kila kifungo, anakivuta, anasema "sawa", ndipo unaruka ukingo. Hata Wafula mwenyewe hukaguliwa.

"Hapa hatutaki shujaa," akasema. "Shujaa huwa tunampakia kwenye gari na nguo zake, anarudi kwao."

Mmoja wa wale wanaume akasema, "Mimi ni mwoga aliyeandikwa kazi, mzee. Mwoga na nusu." Akapita ukingoni akipiga mluzi.

Kisha Wafula akaniuliza, "Kwenu mnapanda miti ya asali, si ndiyo? Ireri alituambia habari zake."

"Tunapanda."

"Na kamba mnafunga wapi?"

Nilimjibu bila kufikiri. "Kwenye ndoo."

"Ndoo gani?"

"Ya asali. Aliye juu anaijaza, aliye chini anaishusha polepole isimwagike."

"Na mtu?"

"Mtu anashika tawi."

Wafula alitazama mbali kidogo. "Siku yake ya kwanza Ireri alikataa kamba ya pili. Akaniambia kwao mwanamume akijifunga mtini, kesho yake sokoni wanamwimba kwa dhihaka."

"Ni kweli," nikasema. "Wanamwimba."

"Nilimkalisha pale kwenye tangi la maji mpaka wenzake wakamaliza kazi. Kesho yake akaja, akavaa zote mbili bila kuambiwa. Baadaye yeye ndiye niliyemwamini kuwakagua wengine."

Nikiwa pale juu ndipo nilipoona jambo ambalo lilikuwa mbele yangu miezi yote. Siku ile nilikuwa chini ya mgunga, nimeshika kamba. Kamba yenyewe ilikuwa nzuri, ya katani, niliisokota mimi. Ncha ya pili ilikuwa imefungwa ndoo. Ireri alipoteleza, ndoo haikuanguka. Ilibaki inaning'inia juu, nusu imejaa, na mwanangu yuko chini.

Nilimweleza Wafula hivyo hivyo nilivyoandika hapa. Sikusema ili nijilaumu, wala kumlaumu Ireri. Ndivyo babu zetu walivyopanda, ndivyo tunavyopanda sote, na wengi wameshuka salama. Lakini mtu aliyejua kamba mbili, aliyewafunga wenzake kila asubuhi juu ya majumba haya yote, alipofika nyumbani alipanda kama sisi, kwa sababu alikuwa kati yetu.

"Pole, Baba," Wafula akasema. Wawira alikuwa amesikia yote. Alinishika mkono wa koti.

Baadaye tulishuka. Mwanafunzi hajaribiwi kwenye jumba refu. Nyuma ya jengo kuna ukuta wa maegesho ya magari, mfupi, na hapo ndipo wanapoanzia. Wawira alivaa mikanda. Wafula akamwambia ataje kila kifungo kwa sauti, na akaniita mimi nije nikishike kila anachokitaja.

"Kifua," Wawira akasema. Nikashika, nikavuta.

"Kiuno." Nikavuta.

"Paja la kulia. La kushoto. Kamba ya kazi. Kamba ya usalama."

"Vuta kwa nguvu, mzee, huyo si yai," Wafula akasema.

Nilivuta mpaka Wawira akayumba. "Sawa," nikasema. Nikazivuta tena zile kamba mbili, nikarudia. "Sawa."

Akapita ukingoni. Sitadanganya kwamba nilimtazama. Nilitazama ile kamba ya pili, iliyolegea, jinsi ilivyokuwa ikimfuata. Nilisikia miguu yake ikigonga ukuta, halafu nikamsikia akicheka kule chini, na Wafula akimfokea asicheke mpaka afungue kamba. Alimrudisha juu, akashuka tena, na tena. Mara ya mwisho nilimtazama yeye.

Wafula aliniambia Wawira anaiweza kazi, ila mikono yake inahitaji nguvu. Nikamwambia atapewa jibu baada ya mama yake kusikia.

Wawira alirudi Meru, mimi nikarudi nyumbani kwa njia ya Embu na Kiritiri. Kutoka Kiritiri joto linakupokea na udongo unabadilika. Njiani nilikuwa nikilinganisha ile miji mitatu kichwani, kwa kuwa nilijua majirani wataniuliza upi ni mrefu. Wameuliza, na nimewajibu: Nairobi ndio mrefu, Meru ndio mgumu kuujua, Embu bado unakua. Ukitaka kuona uzuri wa majengo, tazama Nairobi ukiwa mbali kidogo, jua likiwa limepiga vioo. Ukitaka kuona uzuri wa mji na nchi yake pamoja, Embu inatosha. Haya ni maoni yangu na mtu anaweza kukataa. Lakini jambo nililojifunza halihusu mji upi ni mrefu. Nilikwenda kupima urefu, na urefu haukuwa na habari nilizotafuta. Habari zilikuwa kwenye kamba.

Mama Ireri alinisubiri nile kwanza. Kisha akazima redio.

"Sema."

Nikamweleza. Majumba nilimweleza kwa kifupi. Pete, kamba mbili, na kukaguana nilimweleza kirefu, nikamwonyesha kwa mshipi wangu. Nilipofika kwenye habari ya ndoo nilitaka kuipita, lakini aliuliza, "Halafu?" nikamwambia.

"Kwa hiyo neno lako ni nini?"

"Aende. Akifungwa kama nilivyoona, aende."

"Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Mizinga imejaa. Mwezi ujao utapanda. Utajifunga na nini?"

Nasema ukweli, jambo lililonijia kwanza halikuwa kuanguka. Zilinijia sura za wanaume wa sokoni.

"Kama kamba ni nzuri kwa Wawira mbele ya Meru nzima," akasema, "ni nzuri kwako mbele ya jirani yako Njagi. La sivyo mwambie mtoto abaki ndani afagie. Sitamruhusu mmoja nikamzika mwingine kwa sababu ya nyimbo."

Nikampigia Wawira simu mbele ya mama yake. Mama yake mwenyewe ndiye aliyemwambia, akaongeza kwamba kabla ya kuruka ukingo ataje kila kifungo kwa sauti, hata kama wenzake watamcheka. Sasa Wawira amemaliza kufundishwa, na yuko nje ya kile kioo cha Meru. Marigu huenda kumtazama kutoka barabara ya chini, akiwa na majirani, akiwaambia ni mtoto wa kaka yake.

Wakati wa kurina ulipofika nilimwita Njagi, rika langu, ambaye mizinga yetu imekaribiana na tumezoea kusaidiana. Alikuja na ndoo. Alinikuta chini ya mti nimejifunga kamba mapajani na kifuani, nimeipitisha juu ya tawi nene, na kamba nyingine iko tayari kwa ajili ya asali. Nilimpa ncha ya ile ya kwanza. Alinizunguka akinitazama kila upande, kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Baba Ireri, siku hizi wewe ndiye ndoo?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Nishike."

Alicheka mpaka akakohoa. Lakini kamba aliishika kwa mikono miwili.